Kadi Yenye Digrii Tisini na Nne

Jumamosi iliyopita, mara baada ya ugali na dagaa wa mchana, Mzee Ayubu Mntambo alijilaza kwenye kochi la binti yake mjini Muheza, akaota ndoto ambayo mpaka leo anaisimulia kama mtu anayesimulia safari ya Korogwe: bila kucheka, bila kuongeza chumvi, na akikatizwa anaanza upya.

Kabla ya ndoto palikuwa na ugomvi. Damari, binti yake, anaishi kwa kutengeneza picha za majengo yasiyojengwa bado. Mteja anamletea ramani, yeye anaiingiza kwenye kompyuta, na baada ya saa kadhaa inatoka picha ya nyumba yenye vioo, migomba, vivuli na watu wanaopita varandani, utadhani imepigwa jana. Kwa ajili ya kazi hiyo alinunua mwezi Machi kompyuta ya gemu, ile inayouzwa ikiwa imeshaundwa kila kitu ndani ya sanduku moja. Gemu hachezi. Alichokitaka ni kadi ya michoro iliyomo ndani yake, maana ndiyo inayochora.

Kasoro yake ilikuwa kelele na joto. Ikipewa kazi ndogo ilikoroma. Ikipewa kazi kubwa ilivuma kama mashine ya kusaga, na ubavu wake wa bati ungeweza kukausha mboga. Siku hiyo ilikuwa inachora nyumba ya wageni ya mteja wa Lushoto, aliyetaka picha yake kabla ya saa kumi jioni. Hadi saa nne asubuhi ilikuwa imeshajizima mara mbili.

"Ikifika digrii tisini na tano inajizima yenyewe," alisema Damari, akiiwasha tena. Alikuwa akizungumza na kioo cha kompyuta kuliko na baba yake.

"Ama hilo jini linyamaze," alisema Mzee Mntambo, "ama mimi nihamie kwa Elifuraha, Handeni."

Elifuraha ni kaka yake Damari. Damari hakugeuka. "Baba, hilo jini ndilo linalotulisha."

Neno lilimwingia. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumkumbusha nani anamlisha. Wakala chakula cha mchana kimya, baba na mwana, kila mmoja akitazama dagaa wake. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokuwa na la kusema. Kisha Mzee akajinyoosha kwenye kochi, akafunga macho kwa hasira.

Kilichomwamsha ni ukimya.

Kompyuta imenyamaza. Kiti cha Damari kipo, Damari hayupo. Kompyuta inakohoa kidogo, kama mwenyekiti anayetaka kufungua kikao.

"Mzee Mntambo," inasema, "nimesikia uliyoyasema asubuhi."

"Nilisema kwa sauti kubwa," anajibu Mzee. "La sivyo usingesikia."

"Sikulaumu. Ila mwenye kulalamika aingie ndani ajionee. Pita ubavuni."

Mzee anapiga hodi kwenye bati. Bati linafunguka. Kizingitini amelala mgonjwa aliyekondeana, amefunikwa shuka hadi kidevuni, na kwenye paji la uso amebandikwa kijikaratasi cha rangi ya fedha.

"Usifungue," anasema mgonjwa kwa sauti ya kukata roho. "Mimi ni Waranti, dhamana ya muuzaji. Ukifungua nakufa."

"Limeshafunguka."

Waranti anafikiri. "Basi nimeshakufa," anasema, na kufumba macho. Halafu anafumbua jicho moja. "Ukiniruka, angalia usinikanyage."

"Pole," anasema Mzee, kwa kuwa hana neno lingine la kumwambia marehemu aliye macho. Anamruka, anaingia.

Ndani ni uani, kama uani wa nyumba yoyote ya kupanga: kamba za nguo, ndoo, mlango wa kila mpangaji na pazia lake. Kina dada watatu wanakimbia kwa kuzunguka katikati ya uani, kila mmoja na ndoo tupu kichwani.

"Shikamoo!" anasema wa kwanza, anapita. "Shikamoo!" anasema wa pili, anapita. "Shikamoo!"

Mzee anaitikia marahaba mara arobaini ndipo anapogundua kuwa ni wale wale.

"Nyinyi ni kina nani?"

"Feni!" anajibu wa kwanza.

"Tunatafuta hewa!" anajibu wa pili.

"Tunazungushwa!" analalamika wa tatu.

"Nani anawazungusha?"

"Dirisha la kwanza wanasema nendeni la pili! La pili wanasema nendeni la tatu! La tatu wanasema mwenye hewa katoka, rudini la kwanza!"

"Sasa kelele za nini?"

"Mzee wetu," wanasema wote pamoja wakipita, "wewe ukizungushwa mara elfu tatu kwa dakika, utanong'ona?"

Mzee anakumbuka miezi minne aliyofuatilia kitambulisho chake, na maneno aliyomwambia karani mwezi wa nne. Anaona hoja yao ni ya haki. Anaondoka bila kuwaambia wanyamaze.

Mwishoni mwa uani, juu ya shelfu iliyopinda kwa uzito, amekaa mchoraji mnene kuliko mlango. Amevaa majoho ya mahafali, moja juu ya jingine juu ya jingine, na kofia za mraba zimepangana kichwani kama sahani kabatini. Anachora nyumba ya wageni ya Lushoto ukutani, kwa mikono ambayo Mzee anajaribu kuihesabu, anaacha. Jasho linamdondoka na kugeuka mvuke kabla halijafika chini.

"Karibu," anasema mchoraji. "Mimi ni Kadi. Utanisamehe sisimami. Nikisimama shelfu inavunjika."

"Majoho yote hayo ya nini kwenye joto hili?"

"Ndizo digrii zangu. Ninazo themanini na nane."

Mzee, aliyeishia darasa la saba, anajikuta ameinamisha kichwa. "Umesomea nini?"

"Vivuli. Vioo. Kivuli kilicho ndani ya kioo. Na migomba: kila jani lina digrii yake." Joho jipya linashuka kutoka juu, linamvaa, linafunga vifungo lenyewe. "Themanini na tisa."

"Hongera."

"Usinipe hongera, Mzee. Nikifikisha tisini na tano nahitimu."

"Si ndiyo furaha?"

"Hapa kuhitimu ni kuzimwa. Taa zinazimwa, kila mtu anarudi kwao, na picha inafutika. Leo nimeshahitimu mara mbili. Nikihitimu mara ya tatu, Damari hatakuwa na kitu cha kumpa mteja wake. Na mteja kamwandikia jana kwamba saa kumi ikipita, kazi hii na nyingine tatu zinakwenda kwa mchoraji mmoja wa Tanga."

Habari za mchoraji wa Tanga Damari hakumwambia Mzee. Alimwambia tu kwamba ana haraka, naye akamjibu kwa kutaja Handeni.

"Basi vua hayo majoho."

"Hayavuliwi kwa mikono. Hewa ikipita ndiyo inayoyavua. Na hewa haipiti."

"Kwa nini haipiti?"

"Mimi nachora," anasema Kadi. "Mkaguzi ni wewe."

Mzee anageuka, na uani si uani tena. Ni behewa la daraja la tatu, na treni imesimama. Hakuna anayeshangaa, kwa hiyo naye hashangai. Kofia yake ya kazi iko kichwani. Koleo dogo la kutobolea tiketi liko mkononi, na bado lina joto la kiganja chake. Behewa limejaa abiria wekundu wanaofuka moshi, mabunda mapajani, bega kwa bega.

"Tiketi," anasema Mzee, na sauti yake ya zamani inatoka bila kutafutwa.

Abiria wa kwanza anatoa tiketi yenye tundu. Wa pili, tiketi yenye matundu mawili. Wa tano ni mama mmoja mwekundu kama kaa la moto. Tiketi yake imekwisha karatasi. Yamebaki matundu tu, yameshikana mikono.

"Mama, tiketi hii imeshatumika."

"Mara nyingi, baba," anasema yule mama. "Sisi ni hewa ya moto. Safari yetu ni fupi tu, toka hapa kwa Kadi hadi mlango wa nyuma, tushuke zetu. Lakini tukifika pale katikati njia imezibwa. Tunageuka, tunarudi, tunakaa. Kila tukirudi tumezidi kuwa wa moto."

"Nani kaziba?"

Behewa zima linaonyesha kwa kidevu.

"Tisini na moja!" sauti ya Kadi inalia kutoka mbele ya treni. Nje ya madirisha bendi ya mahafali imeanza kupangusa matarumbeta.

Mzee anapenya. Anaomba njia, anasukuma, anaomba njia. Katikati ya behewa, kutoka kiti hadi kiti, kutoka sakafu hadi dari, amelala mtu mmoja mkubwa mweupe. Ni mlaini pande zote. Amevaa nailoni. Uso wake haujakamilika, una macho tu.

"Tiketi."

"Sina," anasema yule mweupe, kwa upole. "Mimi si abiria. Mimi ni mlinzi."

"Unalinda nini?"

"Kadi. Ni mzito na shelfu yake ni nyembamba. Siku ya kuondoka kiwandani niliambiwa: mshike vizuri asitikisike, njiani kuna mawimbi, kuna wapakuzi, kuna mashimo ya barabara. Nikamshika. Sijamwachia hata dakika moja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tufike."

Mzee Mntambo anamtazama. "Mlifika mwezi Machi."

Nailoni ya mlinzi inatoa sauti ndogo, kama mtu anayekunja mfuko kwa siri.

"Hakuna aliyeniambia," anasema hatimaye.

"Hukuona kuwa treni imesimama?"

"Niliona. Nilidhani ni stesheni ndogo."

"Tisini na mbili!" analia Kadi. "Mzee! Naona wanakuja na kiti cha mgeni rasmi!"

"Shuka," anasema Mzee. "Unawaunguza watu."

"Siwezi kuacha lindo kwa maneno matupu. Nikishuka mimi, atashikwa na nani?"

Siku aliyostaafu, Mzee mwenyewe alipewa barua yenye muhuri. Aliisoma, akaikunja, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa stesheni, amevaa kofia. Wiki tatu alikwenda hivyo, akasimama hivyo, akarudi. Wenzake walimsalimia kwa heshima zote, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Tisini na tatu!"

Mzee anachuchumaa, magoti yakilia, mpaka macho yake yanakuwa sawa na ya mlinzi.

"Sikiliza, bwana. Kazi umeifanya. Nimemwona Kadi kwa macho yangu, hana hata mkwaruzo. Aliyekutuma hana lawama nawe. Ila safari imekwisha. Mzigo umefika salama, na aliyeufikisha ni wewe."

"Kweli hana mkwaruzo?"

"Hana."

Mlinzi anafikiri kwa muda ambao behewa lenye joto vile halikuwa nao. "Na nikishuka nitafanya nini?"

"Utakaa kwenye kochi," anasema Mzee. "Utaletewa chai. Utalalamikia kelele."

"Ni kazi ngumu?"

"Mwanzoni."

Mlinzi ananyoosha mkono. Mzee anaushika, anamvuta. Kumbe mtu mzima yule ni mwepesi kama mkate. Anasimama, anajikunja, anapisha.

"Tisini na nne!" Bendi inapuliza sauti ya kwanza.

Na abiria wanashuka. Wanashuka wote kwa pamoja, wakipiga vigelegele, mabunda yakipepea, na yule mama mwekundu anambeba Mzee kwa kikumbo, na mwingine anaondoka na ndala yake ya kushoto. Dada watatu wanapita na ndoo zilizojaa hewa, wanatembea taratibu, wanamsalimia mara moja tu. Majoho yanapeperuka angani kama kunguru weusi. Bendi inafunga matarumbeta na kuuliza kama walau kuna soda.

Kikumbo kinamtupa Mzee mahali penye baridi nzuri. Amesimama kwenye varanda ya ghorofa ya juu. Mbele yake kuna milima, kuna migomba, kuna ukungu uliochorwa nusu. Nyuma yake kuna kioo ambacho rangi yake haijakauka. Kofia iko kichwani, mguu wa kushoto uko peku.

"Mzee, sogea," anasema Kadi kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya mtu aliyepumzika. "Umesimama kwenye kivuli changu."

"Nisogee wapi? Nyumba haina ngazi bado."

Kadi anavuta pumzi. "Basi simama hapo hapo. Usitikisike."

Mzee Mntambo anakaza shingo. Hatikisiki.

Alipofumbua macho, kompyuta ilikuwa inavuma kuliko alivyoiacha. Damari alikuwa mbele yake, viganja mashavuni, akiangalia tarakimu nyekundu pembeni mwa kioo. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini, na tarakimu zilisema tisini na nne.

"Damari. Izime, uifungue."

"Baba, tafadhali. Si sasa."

"Kuna mtu kaziba njia humo ndani. Mweupe. Hana habari kama mmefika."

Damari aligeuka taratibu. "Baba, umeamka kweli?"

"Izime kabla haijahitimu. Au unataka kazi iende kwa yule mchoraji wa Tanga?"

Mkono wa Damari ulisimama hewani. Barua ya mteja aliisoma peke yake, chumbani, na hakumwambia mtu, kwa kuwa hakutaka baba yake ajione ni mzigo. Akaihifadhi picha ilipofikia, akaizima kompyuta, na nyumba ikanyamaza hata wakasikia kuku wa jirani.

"Muuzaji alisema nikifungua, waranti inakufa."

"Imeshakufa. Nilimpa pole."

Damari hakuuliza alimpa nani. Alileta bisibisi. Parafujo zilikuwa nne, na kijikaratasi cha rangi ya fedha kikachanika kwa sauti ndogo. Bati likatoka.

Chini ya kadi, kutoka ubavu hadi ubavu, lilikuwamo bonge la sponji nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni, limeibeba kadi kama mtu aliyepakata mtoto. Juu yake palikuwa na maandishi ya Kichina na mchoro wa mkono ukilitoa.

Damari alikaa sakafuni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea.

"Miezi mitatu, Baba. Miezi mitatu nimekunyima usingizi kwa ajili ya sponji." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Na lile neno nililokuambia asubuhi..."

"Neno gani?" alisema Mzee. "Kulikuwa na kelele. Sikusikia."

Damari alitaka kulitupa lile bonge nje pamoja na takataka. Baba yake akalichukua mikononi mwake, akaliweka kwenye kochi upande wa dirishani, akakaa pembeni yake, na akauliza kama chai ipo.

Kompyuta ilipowashwa, ilinong'ona. Tarakimu zilipanda mpaka sitini na sita, zikakaa. Saa tisa na dakika arobaini picha ilikuwa imekamilika: nyumba ya wageni ya ghorofa mbili, vioo vinang'aa, ukungu mlimani, kila jani la mgomba na kivuli chake.

Kabla ya kuituma, Damari aliikuza na kuipitia kona baada ya kona, kama anavyofanya siku zote. Kwenye varanda ya ghorofa ya juu akasimama. Akaikuza zaidi.

"Baba, hebu njoo. Huyu mtu mimi sikumweka."

Mzee Mntambo aliinuka na kikombe chake, akainama karibu na kioo. Varandani alisimama mwanamume mfupi mwenye kofia ya kazi, kifua mbele, shingo imekazwa kama yuko gwaridini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto ulikuwa peku.

"Nimtoe?" aliuliza Damari, kidole juu ya kitufe.

"Mwache," alisema Mzee. "Kaambiwa asitikisike."